Mahali pa Kutua

Mchana barabara ni mali ya kila mtu. Tajiri na maskini, mwenye gari na mwenda kwa miguu, wote huipita wala hapana aulizwaye atokako. Walakini jua likishuka, msafiri asiye na nyumba mbele yake hutambua jambo ambalo mchana hakulijali, ya kuwa kila shubiri ya ardhi ina mwenyewe. Mwenyewe huyo huenda akawa mtu, huenda akawa mnyama, na huenda akawa maji. Mwenye hema hana budi kuwajua watatu hawa kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza. Mimi sikuyajua haya kwa kusoma. Nilifunzwa njiani, na ada ya mafunzo hayo niliilipa kwa kitu nilichokithamini kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 nilipata kazi ya ualimu katika shule moja ya sekondari karibu na Moyale, mji ulio mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 480, na kutoka Nairobi mpaka Moyale ni kilomita nyingine zipatazo 780. Basi safari yangu ilikuwa ni kuivuka nchi yetu nzima, kutoka ufukoni mwa bahari hata ukingo wake wa kaskazini. Nilikuwa na sanduku moja la bati. Ndani yake mlikuwa na nguo, vitabu, na bahasha yenye vyeti vyangu vyote pamoja na barua ya kuajiriwa. Nauli ya basi nilikuwa nayo, lakini mjomba wangu, ndugu yake mama, hakukubali nipande basi.

"Njia ile niliiendesha lori miaka ishirini," alisema. "Sasa nasikia ina lami mpaka Moyale. Nataka niione kabla sijafa, nawe nikufikishe salama."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Wakati alipokuwa dereva, sehemu ya kutoka Isiolo kwenda Moyale, ipatayo kilomita 500, ilikuwa ya mawe na vumbi. Lori liliweza kushinda na kulala njiani siku mbili au tatu, na wakati wa mvua zaidi ya hizo. Sasa gari jema huimaliza kwa siku moja. Lakini gari la mjomba halikuwa jema. Lilikuwa pikapu kuukuu lenye umri wangu, na nyuma yake alilipakia hema la turubai zito, sufuria mbili, mtungi wa maji, mkeka, na gunia la nazi. Pensheni yake haikutosha kulipia nyumba za wageni kila usiku. Lakini nadhani hata ingalitosha, angalichukua hema. Babu yake alikuwa mvuvi, aliyezoea kupiga dago visiwani miezi kadha kwa mwaka, na mjomba aliamini kwamba mtu asiyeweza kujitafutia mahali pa kutua hajajua kusafiri.

Kabla ya kuondoka alinipa masharti yake. La kwanza lilikuwa la saa. Katika nchi yetu iliyo juu ya ikweta, jua huchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halikawii kuingia. Kwa hiyo ikifika saa kumi alasiri, msafiri huacha kuangalia mbele ya barabara na kuanza kuangalia kando yake. La pili lilikuwa maswali matatu, ambayo alitaka niyajibu kila jioni kabla ya kushusha hata kijiko: Mwenyewe ni nani? Nani hupita hapa usiku? Maji yakija, yatapita wapi?

Nilicheka moyoni. Nilikuwa na simu yenye ramani ya nchi nzima. Mito yake ilichorwa kwa rangi ya samawati na mbuga zake kwa rangi ya kijani. Niliona kuwa mzee alikuwa akinifundisha kuwasha moto kwa vijiti, nami nina kiberiti mfukoni.

Usiku wa kwanza tulilala Voi, kilomita zipatazo 160 kutoka Mombasa. Hapo barabara na reli hupita katikati ya mbuga ya Tsavo, iliyotengwa kwa wanyama tangu mwaka 1948. Mwenye nyumba moja ya wageni alituruhusu kupiga hema katika kiwanja chake kwa malipo madogo. Kiwanjani mlikuwa na mgunga mmoja mkubwa, wenye kivuli kipana kama mwavuli, na chini yake ardhi ilikuwa safi na laini. Nilibeba hema moja kwa moja mpaka pale. Mjomba alinifuata polepole, akaweka kiganja chake juu ya shina la mti.

"Tazama," aliniambia.

Nilitazama. Shina lilikuwa limesuguliwa hata likang'aa, na matope mekundu yalikuwa yamekauka juu yake, mahali ambapo mkono wangu ulionyooshwa haukufika. Kandokando yake palikuwa na njia pana iliyoshindiliwa, isiyo na jani wala kokoto, ikielekea bwawani.

"Mwenye kivuli ni tembo," alisema mjomba. "Tusimlalie mlangoni."

Tulipiga hema karibu na nyumba. Alinitoa machungwa yangu hemani, akayafungia ndani ya gari, akisema kuwa tembo hunusa matunda kutoka mbali wala hajui kubisha hodi. Usiku nilisikia matawi yakivunjika. Asubuhi nilikwenda chini ya mgunga, nikakuta nyayo pana kama masinia zimepita papo hapo nilipotaka kuweka kichwa changu.

Tangu siku ile nimejua kwamba mnyama wa porini si mtu wa kubahatisha. Ana njia zake za kwenda majini na za kurudi malishoni, naye huzifuata usiku kwa usiku kama sisi tufuatavyo barabara zetu. Ndivyo ilivyo pia katika maziwa ya Naivasha na Baringo. Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Nasi tunaovutwa na nyasi mororo za ukingoni huenda tukatandika mkeka juu ya meza yake. Asimamaye baina ya kiboko na maji yu katika hatari kubwa. Basi msafiri na atazame chini kabla ya kutazama mandhari: mavi, nyayo, majani yaliyolala, matundu ardhini, misafara ya siafu. Na atazame juu pia, maana tawi kavu halina ahadi na mtu.

Usiku wa pili tulilala Nairobi kwa jamaa, kwa kuwa mji hauna nafasi ya hema. Wa tatu ulitukuta Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, katika nchi ya mashamba. Hapa hapakuwa na nyayo za kutisha. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na ua, na kila ua ulikuwa na mtu nyuma yake. Niliona haya kuingia kwa mtu nisiyemjua na kumwomba ardhi yake. Nilimshauri mjomba tungoje giza, tujipenyeze nyuma ya miti, na kabla ya mapambazuko tuwe tumekwisha ondoka.

Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. Akashuka garini, akaenda mpaka penye bibi mmoja mzee aliyekuwa akipalilia viazi, akasimama mbali kidogo, akapiga hodi.

Bibi yule alituuliza tutokako. Aliposikia Mombasa alicheka, maana hajapata kuiona bahari. Alituonyesha mahali juu ya mteremko, akatukataza kulala bondeni karibu na kijito, ambako mimi nilikwisha kupachagua kwa ajili ya maji.

"Huko chini ndiko baridi inakolala," alisema.

Nilidhani ni usemi tu, kumbe ni elimu. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, na usiku mtulivu hutiririka kutoka mteremkoni kama maji na kukusanyika mabondeni. Asubuhi tulipotoka hemani tuliuona ukungu umejaa bondeni kama maziwa katika bakuli, na juu yetu kilele cha mlima, chenye urefu wa mita 5,199, kimeanza kupata rangi ya dhahabu. Bibi alituletea chai ya moto. Mjomba alimpa nazi mbili, naye akazigeuzageuza mikononi kama mtoto aliyepewa mpira.

"Aombaye ruhusa hulala mgeni," mjomba aliniambia tulipoanza safari. "Asiyeomba hulala mwizi, hata kama hakuiba kitu."

Siku ya nne ndiyo siku ya msiba wangu. Tuliivuka ikweta Nanyuki, tukateremka Isiolo, na baridi ya mlimani ikageuka joto la tanuri. Tangu adhuhuri mjomba alishikwa na homa. Nilimsihi tulale Isiolo akatibiwe, lakini alimeza vidonge vyake akasema twende. Nilishika usukani mimi. Mbele ya Archers Post gurudumu lilipata pancha, na nati za gurudumu la akiba zilikuwa zimeshika kutu. Kazi ya nusu saa ikawa ya saa mbili. Tulipofika mahali fulani baina ya Merille na Laisamis, jua lilikuwa limekwisha zama. Saa kumi ya mjomba ilikuwa imepita zamani.

Mbali kidogo na barabara niliona moto wa manyatta. Yapata mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ningaliweza kwenda na kuuliza. Lakini nilikuwa nimechoka, lugha ya wenyeji sikuijua, na haya ile ya Naro Moru ilikuwa haijanitoka. Badala yake nilitelemka katika laga, ndivyo watu wa kaskazini waitavyo mto usio na maji. Nilikuta mchanga mweupe na laini, mfano wa ufuko wa kwetu, na kingo mbili ndefu zilizozuia upepo. Nikafungua ramani yangu. Haikuonyesha mto wowote. Niliona nimepata jumba la kifalme bila ya kodi. Nikaliacha gari ukingoni, nikapiga hema mchangani, nikamlaza mjomba. Sanduku langu nililishusha pia, kwa kuwaogopa wezi wa barabarani.

"Umeuliza?" mjomba alisema kwa sauti ya homa.

"Hapana mtu hapa, mjomba," nikamjibu.

Akalala. Nami nikakaa juu ya sanduku nikila mkate, nikijua kuwa nimesema uongo, na ya kuwa moto wa manyatta ungali unawaka.

Haukupita muda akaja mzee mmoja mrefu, ameshika fimbo. Alitusalimu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini hakikuwa na ila.

"Hapa si mahali pa kulala," alisema. "Hapa ni njia."

"Njia ya nani, mzee?"

"Ya maji."

Nilitazama juu. Nyota zilikuwa zimejaa mbingu nzima. Mzee alinyoosha fimbo yake upande wa magharibi, ambako umeme ulimulika bila ngurumo, mbali sana juu ya milima.

"Mvua iko mbali," nilisema.

"Mvua mbali," alijibu. "Maji karibu."

Nilimshukuru kwa maneno ya adabu, na moyoni nikakusudia kutoondoka. Nadhani aliyaona makusudi yangu, kwa maana hakwenda zake. Alichutama mbele ya hema, akangoja. Mjomba alikuwa ameyasikia yote. Alitoka nje akitetemeka kwa homa, hakuniambia neno, akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja kwa mikono yake.

Hapo nilipaswa kuona aibu. Niliiona, lakini ndani yake mlikuwa na hasira. Nilihamisha hema, nikahamisha mkeka, sufuria na mtungi, mpaka juu, mbali na ukingo. Sanduku nililiacha. Baadaye niliwaambia watu kuwa lilikuwa zito na kwamba nilikuwa nimechoka. Ukweli, ambao nauandika hapa kwa mara ya kwanza, ni kuwa nilitaka kubakiza kitu kimoja kule chini, ili asubuhi nikionyeshe wazee wale wawili kikiwa kikavu.

Karibu na saa tisa ya usiku nilisikia mlio kama wa lori linalopanda mlima kwa taabu. Mlio haukupita, ulizidi. Nilitoka na tochi. Maji yalikuja yamesimama kama ukuta mfupi, rangi ya udongo, yakisukuma mbele yake povu, vijiti, na gogo zima la mti. Kwa muda usiofika robo ya saa laga ilikuwa imejaa kutoka ukingo hata ukingo. Mahali palipokuwa hema letu palipita mto uliokuwa ukinguruma. Na juu yetu, msomaji, nyota zilikuwa palepale, wala tone moja la mvua halikutuangukia usiku kucha.

Tumefundishwa tangu utoto kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika nchi kavu methali hii haitoshi. Ardhi iliyokauka na milima ya mawe haiwahi kunywa mvua kubwa. Maji hukimbilia makorongoni, na korongo huyabeba mbali hata penye anga safi. Mwezi wa Machi 2010 mto Ewaso Ng'iro ulifurika ghafla ukachukua kambi za mahema katika Samburu. Katika makorongo ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, maji ya namna hii yaliua watu mwezi wa Aprili 2012 na tena mwezi wa Septemba 2019. Sisi tulikuwa wawili tu, na tuliponea kwa fimbo ya mtu aliyekubali kuchutama kizani akiwangojea wageni wasiomsikiliza.

Kulipokucha maji yalikuwa yamepungua hata magotini. Nilitembea saa nzima kufuata mkondo. Nilikipata kitabu kimoja, kurasa zake zimegandamana kwa matope. Sanduku sikulipata, wala bahasha.

Mjomba aliniuliza mlikuwa na nini ndani yake. Nilimweleza. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Uliniambia hapana mtu hapa," alisema. Hakusema zaidi, wala hakulirudia neno hilo mpaka leo.

Tulifika Marsabit siku ileile, mji wa mlimani ambao misitu yake hunyweshwa na ukungu, na ambako aliishi Ahmed, tembo mwenye pembe kubwa aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta tangu mwaka 1970 mpaka alipokufa mwaka 1974. Zahanati walimpima mjomba wakaona ni malaria. Jioni hiyo alilala garini, nami nikaenda peke yangu mpaka nyumba ya kwanza iliyokuwa na kiwanja. Nilisimama mbali kidogo, nikapiga hodi. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilisikika. Nilimwuliza mwenye nyumba maswali matatu, naye aliyajibu yote, akaniongezea la nne ambalo sikulijua: upepo wa usiku ulitoka upande gani.

Shuleni nilifika bila karatasi hata moja. Mwalimu mkuu alinipokea kwa wema, lakini kanuni ni kanuni. Ilinichukua miezi minane kupata barua za kuthibitisha masomo yangu, na mshahara wangu wa kwanza ulichelewa pamoja nazo. Mjomba alipopona alirudi Mombasa, rafiki yake wa zamani wa malori akimshikia usukani. Hema aliniachia mimi.

Ningali nalo. Kila mwaka huwachukua wanafunzi wangu wa jiografia, tukalala usiku mmoja nje ya mji. Siwachagulii mahali. Huwapa maswali matatu na muda mpaka saa kumi na moja, kisha huwafuata nyuma. Wengi hutazama simu kwanza, nami siwalaumu, maana ramani ni kitu chema. Hueleza mahali palipo. Haielezi ni pa nani. Hilo hulijua mwenyeji, naye haliandiki popote. Hulisema kwa aliyemwuliza, na mara moja moja, kwa wema wake, hulisema hata kwa asiyemwuliza.

Mwaka 2022 nilipita tena mahali pale nikiwa na kilo tano za sukari na majani ya chai. Niliacha gari barabarani, nikaenda kwa miguu mpaka ilipokuwa manyatta. Nilikuta maboma matupu na mtoto mmoja wa mbuzi aliyepotea. Kijana aliyekuja kumtafuta mbuzi wake aliniambia kuwa watu wamehama na ngamia kufuata malisho, na hakujua lini watarudi. Nilimpa sukari na chai awafikishie. Aliniuliza jina la mzee niliyemtaka.

Sikuwa nalo. Usiku ule nilikuwa sikuuliza.